Vifaa vya Historia na Jiografia Viko Kijijini Mwetu



Siku hizi watoto wetu wa shule za msingi wanasoma somo linaloitwa Historia ya Tanzania na Maadili, na jingine linaloitwa Jiografia na Mazingira. Wakirudi nyumbani jioni wanauliza maswali. Babu, Wajerumani walikuja lini huku kwetu? Bibi, ziwa hili nani alilipa jina? Wengi wetu tuliomaliza kisomo tunajibu, "Kamuulize mwalimu wako." Na mwalimu naye pengine ana kitabu kimoja kwa watoto wengi, na ramani ya ukutani ambayo mchwa wamekwisha kula upande mmoja.

Katika madarasa ya watu wazima hali ni hiyo hiyo. Tunapopita vijijini, neno la kwanza tunaloambiwa ni hili: "Vifaa hakuna." Ni kweli. Ramani nzuri ni ghali, na tufe la dunia ni ghali zaidi. Lakini katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba vifaa vingi vya masomo haya mawili havinunuliwi dukani. Vingine viko chini ya nyayo zetu. Vingine viko katika vichwa vya wazee. Na vingine vimelala shambani, tunavipiga jembe na kuvitupa pembeni bila kujua ni nini. Mifano yetu tutaitoa Mkoa wa Kagera na pande za Ziwa, kwa sababu huko mambo haya yameonekana waziwazi.

RAMANI YA CHINI

Jiografia ni elimu ya mahali: mto uko wapi, udongo huu unafaa nini, watu wamekaaje, kwa nini wamekaa hapa na siyo pale. Basi, aliyeishi mahali pamoja miaka hamsini anajua jiografia nyingi, hata kama hajawahi kuiita kwa jina hilo. Shida yake ni moja tu: elimu hiyo hajaichora.

Hebu tuichore. Tafuteni uwanja uliofagiliwa, asubuhi, kabla jua halijapanda sana. Mtu mmoja asimame akitazama jua linakochomoza. Mbele yake ni mashariki, mgongoni magharibi, mkono wa kushoto ni kaskazini, mkono wa kulia ni kusini. Wekeni jiwe kila upande. Sasa chukueni fimbo mchore kwanza kitu kimoja ambacho hakuna anayekibishia, kwa mfano barabara kubwa au mto. Halafu ongezeni njia, visima, shule, zahanati, soko. Majivu yanafaa kwa mipaka. Maharage yanafaa kwa nyumba. Majani mabichi yawe msitu, kokoto ziwe vilima.

Hapo ndipo ubishi unapoanza, na ubishi huo ni mzuri. Mmoja atasema kisima kiko karibu na njia panda, mwingine atasema kiko mbali. Basi nendeni mkapime kwa hatua. Mkikubaliana kwamba hatua 100 za barabarani ni unyayo mmoja kwenye ramani yenu, mmekwisha jua skeli ni nini. Skeli ni kipimo kinachopunguza kitu kikubwa ili kienee mahali padogo, bila kukiharibu umbo. Ukielewa skeli kwa unyayo wako, utaielewa ile iliyoandikwa chini ya ramani ya kitabu.

Angalieni pia nani anachora nini. Tumeona mara nyingi kwamba akina baba huanza na mipaka ya mashamba na barabara. Akina mama huanza na maji na kuni. Mfugaji huanza na malisho na mahali pa kunyweshea, na bonde ambalo mkulima ameliita "pori tupu" yeye ana jina lake. Ramani iliyochorwa na kundi moja tu ina mapengo. Ndiyo maana tunasema washirikishwe wote, na wale wenyeji wa zamani kabisa wa hapo waitwe kwanza, kwa sababu majina ya mahali wanayo wao.

Siyo mchezo wa kupitisha wakati. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, kijiji kinapata cheti cha ardhi yake baada ya mipaka kukubaliwa na vijiji jirani, na mwananchi anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila kwa shamba lake. Siku ya kupima, ramani inafunuliwa mezani. Asiyejua kuisoma anatia sahihi kitu asichokiona. Aliyekwisha chora ramani ya chini ataweka kidole na kusema, "Mwenyekiti, hapa mto haupiti hivi."

ZIWA NA MAJINA YAKE

Katika vitabu ziwa letu linaitwa Viktoria. Jina hilo lililetwa na Mwingereza, John Hanning Speke, aliyefika pande za Mwanza mwezi wa Agosti 1858 na kulipa ziwa jina la malkia wa kwao. Vitabu vya zamani vilisema "aligundua" ziwa. Wavuvi waliokuwa wakivua siku ile sijui walikuwa wanavua wapi! Wenyeji walikuwa na majina yao tangu zamani. Watu wengi wa kandokando walisema Nyanza, yaani maji makubwa. Waganda wanasema Nalubaale. Wajaluo wanasema Lolwe.

Mwalimu wa kisomo anaweza kuuliza darasa: ziwa hili, au mlima huu, au kijito hiki, sisi tunakiitaje, na jina hilo maana yake nini? Majina ya mahali yana habari ndani. Jina linaweza kusema palikuwa na nyati, ingawa leo nyati hakuna. Linaweza kusema palikuwa na bwawa, na leo pamelimwa mihogo.

Na kumbukumbu za wenyeji juu ya maji zina faida nyingine iliyo kubwa kuliko majina. Mwishoni mwa mwaka 1961 zilinyesha mvua nyingi sana katika Afrika Mashariki, ambazo wazee wanazikumbuka pamoja na Uhuru. Maji ya Ziwa yakapanda kwa zaidi ya mita 2 hadi kufikia mwaka 1964. Wazee waliokuwapo wanajua maji yalifika wapi: mwembe gani, jiwe gani, nyumba ya nani. Halafu maji yakashuka kidogo kidogo. Miaka ikapita. Vijana wakajenga chini, karibu na mwalo, kwa kuwa waliona nchi kavu. Mwezi wa Mei 2020 maji yakapanda tena, na kipimo cha Jinja kule Uganda kikapita hata kile cha 1964. Nyumba nyingi, mialo na mashamba ya kandokando vikaingiwa na maji katika nchi zote tatu.

Sasa fikiri. Kama katika kila kijiji cha mwambao wa Ziwa pangewekwa jiwe lenye alama mahali maji yalipofika 1964, likapakwa chokaa, watoto wa shule wakaonyeshwa, je, watu wangejenga wapi? Jiwe hilo ni kifaa cha jiografia. Gharama yake ni chokaa tu. Hata sasa halijachelewa, kwa sababu alama za 2020 bado zinakumbukwa na kila mtu.

MTI WA KAIIJA

Tuje kwenye historia. Watu wengine husema historia ni yale yaliyoandikwa, na kwamba maneno ya wazee ni hadithi za kulalia. Tunataka kueleza habari za kijiji cha Katuruka, kusini mwa mji wa Bukoba, ili kila mmoja apime mwenyewe.

Wazee wa Kihaya walikuwa wakisimulia habari za Mukama Rugomora Mahe, aliyetawala Kyamutwara karibu miaka 350 iliyopita. Walisema mfalme huyo aliwaita wahunzi akawaamuru wajenge mnara wa chuma wa kufika mbinguni, ili ajue huko kukoje. Mnara ukaanguka. Na mahali pa kazi hiyo, walisema wazee, ni pale penye mti mkubwa unaoitwa Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma.

Mnara wa kufika mbinguni! Mtu mwenye haraka angecheka na kwenda zake. Lakini mwaka 1969 na 1970 alikuwapo Buhaya mtafiti wa mambo ya kale kutoka Marekani, Bwana Peter Schmidt. Yeye hakuanza na sululu. Alianza kwa kukaa na wazee, kuwasikiliza na kuandika. Wakampeleka wakamwonyesha. Halafu akachimba pale walipomwonyesha. Kumbe chini ya ardhi mlikuwa na mashimo ya kazi ya chuma, mavi ya chuma na vigae vya vyungu. Vipimo vya kisayansi vya makaa yaliyokutwa vilionyesha kwamba kazi ya chuma ilifanyika mahali pale zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Tazama vizuri jambo hili. Rugomora Mahe alikuwa wa juzi juzi tu ukilinganisha na mashimo yale. Mnara wa kwenda mbinguni hakuna aliyeukuta. Lakini ndani ya hadithi mlikuwa na habari ya kweli iliyobebwa mdomo kwa mdomo: kwamba hapa, chini ya mti huu, mababu walifanya kazi ya chuma. Kitabu hicho hakikuwa na karatasi. Kilikuwa mti, mahali na maneno ya watu.

Habari haikuishia hapo. Ufundi wa kuyeyusha chuma ulikuwa umeachwa miaka mingi, kwa sababu majembe na vyuma vya kigeni vilikuwa rahisi kununua. Lakini wako wazee waliokuwa wameifanya kazi hiyo ujanani mwao. Mwaka 1976 waliombwa waonyeshe. Walichimba shimo, wakalisiliba kwa udongo wa kichuguu, wakachoma ndani yake majani ya bwawani, wakajenga tanuru juu yake, wakaingiza mabomba ya udongo mpaka ndani, wakaweka mawe yenye chuma pamoja na makaa, wakavukuta mivukuto kwa saa nyingi. Hawakufanikiwa mara ya kwanza. Mikono ilikuwa imesahau baadhi ya mambo. Walijaribu tena na tena mpaka chuma kikatoka.

Watafiti walieleza kwamba kwa kuwa mabomba yaliingia ndani ya tanuru, hewa ilipata joto kabla ya kufika motoni, na moto ukawa mkali sana. Wataalamu wengine wamebishana nao juu ya jambo hilo la hewa. Lakini kwamba wazee wa Buhaya waliyeyusha chuma mbele ya macho ya watu, hilo halina ubishi. Mwaka 1978 habari hizo zilichapishwa Marekani katika jarida la sayansi, na magazeti makubwa yakazitangaza. Kwa miaka mingi kabla ya hapo wageni walikuwa wameandika kwamba watu wa huku hawakuwa na ufundi wowote wa maana.

Sasa sehemu ya huzuni. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa mkoani Kagera. Ugonjwa ule uliua hasa hasa watu wazima wenye nguvu, yaani wale wa katikati, ambao walikuwa wapokee maneno kwa wazee na kuyapitisha kwa watoto. Babu alibaki, mjukuu alibaki, kiungo cha katikati kikakatika. Wajukuu wengine walikuwa wadogo mno kusikiliza. Babu naye akaondoka. Na mti wa Kaiija wenyewe haupo tena.

Wanakijiji wa Katuruka waliona hatari hiyo. Kuanzia mwaka 2008 hivi walianza kukusanya tena maneno ya wazee waliobaki, na wakaijenga upya nyumba ya kaburi la Rugomora Mahe. Walichokipata ni kingi. Walichokikosa hakuna atakayejua ni kiasi gani.

Kwa hiyo mkulima ukilima ukakuta mavi ya chuma, yale mawe meusi mazito yenye matundu kama mkate, au bomba la udongo lililoungua, usilivunje. Usichimbe zaidi kutafuta, maana kuchimba ovyo kunaharibu habari, na vitu vya kale vinalindwa kwa sheria. Tia alama mahali hapo, kamwambie mwalimu na ofisi ya kijiji.

MSTARI ULIOCHORWA BERLIN

Ramani na historia zinakutana mpakani. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana jinsi ya kugawana nchi zetu. Upande wa magharibi ya Ziwa walichora mstari ulionyooka, unaofuata latitudo ya nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Latitudo ni mistari ya kufikirika inayoizunguka dunia kama pete kwenye chungwa, na ikweta ni ile pete ya katikati. Mstari huo hakuna aliyeuona kwa macho. Haukuuliza mto unapita wapi, wala ukoo gani uko upande gani.

Mto Kagera wenyewe unapindapinda. Kwa hiyo kipande cha Tanzania, kama kilomita za mraba 1,800, kiko ng'ambo ya mto upande wa kaskazini. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia kipande hicho, naye akatangaza kwamba mto ndio mpaka. Watu wengi waliuawa, mifugo ikaporwa, nyumba zikachomwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Majeshi yetu yaliwafukuza, na tarehe 11 Aprili 1979 yaliingia Kampala pamoja na Waganda waliompinga Amin. Mwaka huo huo Mkoa wa Ziwa Magharibi ukapewa jina jipya, Kagera.

Chora jambo hili chini kwa fimbo: mto uliopinda, mstari ulionyooka, na kipande kilicho katikati. Mtoto wa darasa la tano ataelewa mara moja. Kisha mwite mtu aliyekimbia kutoka Kyaka mwaka ule aeleze alipita njia gani. Hapo somo limekamilika kuliko kitabu chochote.

KAMBA YA MIAKA

Tarehe huwachosha wanafunzi kwa sababu zinaelea hewani. Dawa yake ni kamba. Kila shibiri moja ihesabiwe miaka kumi. Anzeni na leo, mrudi nyuma mkifunga mafundo: maji kupanda 2020, tetemeko la Bukoba Septemba 2016, kuzama kwa meli ya MV Bukoba Mei 1996, vita vya 1978, Uhuru 1961. Kila mtu afunge uzi wa rangi mahali alipozaliwa. Mapatano ya 1890 yatakuwa kwenye shibiri ya 13 na kidogo. Rugomora Mahe atakuwa kama shibiri ya 35. Na wale mafundi wa chuma wa mwanzo? Shibiri zaidi ya 200. Kamba itatoka mlangoni, itavuka uwanja, itaingia kwenye migomba. Tumewaona watu wazima wakinyamaza kimya wakiitazama kamba hiyo.

KUMSIKILIZA MZEE

Mzee siyo redio, kwamba unabonyeza anasema. Nendeni watu wawili, siyo kumi. Amkieni, kaeni, zungumzeni mambo mengine kwanza. Usimuulize, "Ulizaliwa mwaka gani?" Muulize, "Mvua za Uhuru zilikukuta umri gani? Ulikuwa umeoa?" Hapo miaka utaihesabu mwenyewe.

Bibi naye aulizwe, tena akiwa peke yake. Mkimuuliza mbele ya mzee, atasema, "Mzee anajua." Kumbe yeye ndiye anayejua mwaka wa njaa walikula mizizi gani, dawa gani zilipatikana wapi, na nani alitoka ukoo gani kuja kuolewa hapa.

Wazee wawili wakipingana, msiseme mmoja ni mwongo. Katika Buhaya kulikuwa na utaratibu wa nyarubanja, ambapo mkulima alimlipa kodi bwana wa ardhi ili akae shambani. Sheria ya mwaka 1965 ilianza kuwakomboa wakulima hao. Mtoto wa ukoo uliotoza na mtoto wa ukoo uliotozwa hawawezi kusimulia nyarubanja kwa namna moja. Andikeni maneno ya wote wawili, kila moja na jina la msemaji wake. Mwanafunzi asome yote mawili, halafu ajadili.

Yako pia mambo ambayo mzee hatataka yaandikwe: mambo ya mizimu, makaburi, au ugomvi wa koo. Akisema hapana, kalamu iwekwe chini.

Vijana wanaweza kusaidia kurekodi kwa simu, na hilo ni jambo jema sana, maana sauti yenyewe inabaki na lugha ya kienyeji inabaki. Lakini simu huibiwa, na huanguka majini. Kwa hiyo maneno yaandikwe pia kwenye daftari, na daftari liwe na nakala mbili. Moja ikae ofisi ya kijiji, nyingine shuleni. Juu ya kila ukurasa paandikwe jina la msemaji, kijiji, tarehe, na jina la mwandishi. Mzee asomewe aliyoyasema kabla ya kuondoka, arekebishe.

Kwa upande wa Kagera, wakati mzuri wa kuanza ni Juni hadi Agosti, wakati mvua zimepungua. Ramani ya chini haistahimili mvua, kwa hiyo siku ile ile ya kuichora mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri aihamishie kwenye karatasi.